Askari Walionigeukia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yakiwa yamepunguza ukorofi wake, na mdogo wangu yuko karibu nawe. Mimi napumua. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Barua itabidi uisikilize hadi mwisho.

Yale maumivu ya tumbo yalirudi kwa fujo. Nilikuwa machinjioni, nimeinama nikitoa matumbo ya fahali, nikahisi utumbo wangu unakamuliwa kama nguo. Nikaanguka kwenye damu. Wenzangu walicheka wakidhani nimeteleza, wakanikimbiza hospitali walipoona kwamba damu nyingine inatoka kwangu.

Daktari, mama mmoja asiyependa mchezo, aliniuliza kama natumia vile vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Nikamwambia niliviacha, kwa kuwa wewe ulisema ni mwendawazimu tu anayeshusha kinga yake mwenyewe, na kwamba nilikuwa nakunywa ule unga wako wa mitishamba wa kuiongeza. Hakunifokea. Alieleza kwamba katika damu kuna askari waitwao seli T, wanaofundishwa kumjua adui na kumwua. Wangu wamechanganyikiwa. Wameuvamia utumbo wangu wenyewe, wanauchoma, wanaubomoa, na kila wakipiga wanawaita wenzao waje kusaidia. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vimewafunga mikono. Mimi nikawafungua, tena nikitaka kuwanenepesha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Mama, nilikudanganya niliposema nimesafiri kikazi. Utumbo wangu mpana ulitoboka, madaktari wakaukata wote. Mimi niliyetoa matumbo ya ng'ombe wasio na idadi nimetolewa utumbo wangu, na haja yangu sasa inaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Nililia sana. Sikulaumu, ulitaka nipone.

Lakini mdogo wangu ameniambia kwamba naye anapata choo cha damu, kwamba amepewa vidonge vilevile, na kwamba umevificha, unampa unga. Huo unga utupe. Vidonge mrudishie leo hii, kabla mjomba anayekusomea hajaikunja karatasi. Msalimie sana, na umwambie asiruke mstari hata mmoja.

Nakuombea afya njema, mama, na mikono yako naibusu.

Ni mimi kifungua mimba wako, ninayekuamuru leo kwa mara ya kwanza.