Kifutu wa Ziwani

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na mguu haukusumbui sana kwa baridi ya huko Singida. Presha ya Mama je, imeshuka? Mimi mwili ni mzima, ila moyo ni mzito. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia tu, usingenielewa.

Hapa kituo cha afya, karibu na Mbamba Bay, nilikuwa nimeshazoea. Watu waliniita Dada Nesi, wakanigawia usipa, dagaa wa ziwa hili. Wiki tatu zilizopita jirani yangu Kastori, mvuvi, alimleta mkewe Konjesta kwa bodaboda. Konjesta alikuwa anachimba muhogo, kifutu akamuuma juu ya kisigino. Kastori alimuua nyoka akamleta ndani ya ndoo. Nikamtazama: mnene, madoa yaleyale, sawasawa na yule aliyekuuma wewe kwenye mtama.

Mama yake Kastori alitaka mkwewe apelekwe kwa mganga. Nikamzuia. Nikamwambia, "Mama, baba yangu aliumwa na nyoka wa namna hii, akapewa dawa hii hii, na leo analima. Niachieni mimi." Wewe ndiye uliyekuwa ushahidi wangu, Baba.

Nikamtundikia dripu yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kwako uvimbe ulisimama siku hiyohiyo. Kwa Konjesta ulipita goti ukafika pajani, na fizi zikaanza kutoa damu. Nikaongeza vichupa vyote tulivyokuwa navyo. Mwisho gari likatupandisha milimani, kwenye hospitali kubwa. Njiani akaniuliza, "Dada, mbona mguu unazidi?" Nikamshika mkono tu. Alifariki kesho yake mchana.

Daktari wa kule aliniweka chini. Akasema nyoka wa jina moja na ngozi moja wanaweza kuwa na sumu zinazotofautiana, kutegemea wanakoishi. Dawa hutengenezwa kwa sumu ya nyoka wa mahali fulani. Ikikutana na ya mahali pengine, inaweza kuzidiwa. Nikamuuliza kama ndicho kilichomuua Konjesta. "Huenda," akasema. "Sijui mtu aliyewahi kupima sumu ya hawa wa ziwani." Mpaka leo hiyo "huenda" inaninyima usingizi.

Nilikwenda msibani. Mama yake Kastori hakuitikia shikamoo yangu. Kastori alinipa kigoda, kisha akauliza, "Dada, dawa ile ilikuwa imeharibika?"

"Haikuharibika. Ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa kwingine."

"Na hawa wetu, nani anawatengenezea?"

Nilinawa, nikaenda kusaidia kupika.

Tangu hapo watu wanapita mlangoni petu wakielekea kwa mganga, nami siwezi kuwalaumu. Nimemwomba daktari yule atutafutie wataalamu waje kupima sumu ya vifutu wa huku. Ameandika barua. Bado hatujajibiwa.

Juzi akaja mzee mmoja, ameumwa na kifutu mkononi. Kabla sijagusa sindano nilimweleza, "Babu, dawa tuliyonayo ni hii. Inaweza kukusaidia, inaweza kushindwa. Gari la kukupeleka juu nimeshaliita." Alinitazama sana. Akasema, "Basi usiende mbali, mwanangu," akaunyoosha mkono. Nilikaa naye mpaka hospitalini. Yu hai, ila vidole viwili vimekatwa. Mkewe alinishukuru, nami niliona aibu kuzipokea shukrani zile.

Mwambie Mama ninakula. Nisalimie shangazi unayeishi naye hapo nyumbani, na mdogo wangu aliyeko chuo cha ualimu; mwambie asome. Na jioni mkisali, mtajeni Konjesta kwa jina. Ameacha mtoto wa miaka minne, ambaye bado akiniona anakimbia kuja kunipokea.

Ni mimi binti yako,
Salome