Orodha ya Waliopoa

Jumapili, 1 Juni

Mstari wa grafu umeshuka tena! Januari watoaji wa sadaka kwa simu walikuwa 214. Leo 187. Fedha si mbaya, wenye nacho wanaongeza, lakini vichwa vinapungua, na mimi mhazini naangalia vichwa. Nimeonyesha ripoti kwenye kikao baada ya ibada: kijani wanaotoa, njano wanaosuasua, nyekundu waliopoa. Nimejisifu moyoni kwa zile rangi, Mungu anisamehe.

Mzee wa kanisa, yule tunayemwita Asilimia kwa sababu hata salamu anaitoa kwa asilimia, akauliza hao wekundu ni akina nani. Nikamkumbusha tulikubaliana majina nayaona mimi tu. Akasema daktari hatibu homa bila kumjua mgonjwa. Mchungaji akacheka, kikao kizima kikacheka. Nikajua nimekwisha.

Jumatatu, 2 Juni

Nimewapa. Majina ishirini na saba, hawajatoa hata senti tangu Februari. Wazee watawatembelea mmoja mmoja, "kwa upendo".

La sita ni la Mama. Mama yangu! Aliyenifungia sadaka kwenye ncha ya leso nikiwa na miaka minne! Nimeona aibu, halafu nikaona hasira. Nilitaka kulifuta. Nikasema nikimfuta mama yangu, wa wenzangu wamenikosea nini? Nimetuma.

Alhamisi, 5 Juni

Mama kanipigia nikiwa kazini, ofisi ya shule, napiga mihuri fomu za mitihani. "Mwanangu, watu wako wamekuja."

Asilimia na wamama wawili. Wamekunywa chai yake mpaka majani, kisha wakamwombea atoke kwenye roho ya uchoyo. Uchoyo! Mama kawaambia anatoa kila Jumapili asubuhi, hata uso hajanawa. Asilimia kamjibu mfumo hausemi uongo.

"Na wewe, mwanangu, unasemaje?" akaniuliza.

Nikasema labda amesahau. Nikaongeza — sijui nilitumwa na nani — kwamba umri nao una mambo yake.

Akakata simu. Mama, ambaye huaga "haya, haya, haya basi" mpaka salio liishe. Kakata tu.

Jumapili, 8 Juni

Mama hakuja. Safu ya tatu, kando ya dirisha, pako wazi. Mara ya mwisho kukosa ni mwaka ule wa upasuaji. Nikiulizwa najibu mafua. Naongopa ndani ya kanisa, tena nimevaa beji.

Watatu wa kwenye orodha wameanza kutoa. Asilimia anatembea kifua mbele. Lakini nimehesabu: mbali na Mama, wengine tisa hawakuja ibadani kabisa. Hilo halina rangi kwenye ripoti yangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mama. Anakunja nguo. Shikamoo — marahaba — basi. Nimeomba simu yake. Kaisukuma mezani kwa kidole kimoja.

Nyuma ya simu, kadi. Kadi YANGU. Nilizitengeneza arobaini, miaka miwili iliyopita, kwa wazee wasioona vizuri. Tarakimu kubwa, karatasi ngumu, nikawabandikia kwa mikono yangu. Namba ya zamani! Laini yangu mimi, tuliyotumia kabla kanisa halijapata namba yake.

Mwaka jana wote sadaka zilizopotea njia nilikuwa nazihamisha kila Jumatatu. Nikachoka. Nikatangaza namba mpya kwenye skrini, Jumapili tatu mfululizo, kisha Januari nikaenda kuifunga laini. Kwenye skrini! Kuwatangazia watu niliowatengenezea kadi kwa kuwa hawaoni! Kadi sikuzikumbuka kabisa. Mjinga mimi, mjinga wa kutupwa.

Nimefungua ujumbe wake. Kila Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi: imetumwa. Imetumwa. Imetumwa. Hata Jumapili hii aliyobaki nyumbani. Imekwenda kwa mwanamke nisiyemjua, jina lake liko pale pale. Kampuni imempa laini yangu mtu mwingine. Mama huwa hasomi. Husikia mlio, husema amina.

Sikumwambia. Nilisema nitaangalia, huenda ni mtandao. Akaendelea kukunja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga ile namba wakati wa mapumziko, nimejifungia stoo ya shule katikati ya makatoni ya chaki. Kapokea mama mmoja, sauti ya chini. Nimemweleza.

"Kumbe ni nyinyi," akasema.

Laini kainunua Februari. Jumapili ya kwanza fedha zikaanza kuingia, kidogo kidogo, kutoka kwa watu asiowajua. Akampigia mmoja amrudishie. Akajibiwa na bibi: pokea tu mwanangu, hiyo ni ya Mungu. Simu ikakatwa. Mumewe alikuwa amelazwa. Akapokea. Wiki iliyofuata akapokea tena.

"Mnataka nirudishe? Sina, dada. Zote zimekwenda hospitali."

Nikasema nitampigia. Nimerudi mezani, nikagonga mihuri fomu kumi na mbili kichwa chini miguu juu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewaambia, mchungaji na Asilimia, ofisini. Kati ya wale ishirini na saba, kumi na tisa wana kadi zangu. Mchungaji kajishika kichwa. Asilimia, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakutaja hesabu yoyote.

Ila kesho kuna wageni. Wanatoka makao makuu, wanakuja kuona utoaji wetu wa simu ili makanisa mengine yaige. Mchungaji kaniandikia cha kusema: Mfumo ulipata hitilafu. Basi. Wale wa kadi tutawaendea baadaye, polepole. Tusiliaibishe kanisa. "Wala wewe usijiaibishe," Asilimia akamalizia.

Nimesema sawa. Nimesema sawa! Ulimi hauna mfupa.

Kisha miguu ikanipeleka kwa Mama. Nimemwambia yote, hata majina ya wenye kadi, nikiwa mlangoni, sijakaa. Nilidhani atauliza fedha ziko wapi. Hakuuliza.

"Siku ile uliposema nimesahau, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Mama. Haki ya Mungu."

"Ungeniomba simu."

"Ndiyo, Mama."

"Hukuomba. Uliwaamini wao, mimi ukaniona nimezeeka akili." Akavuta pazia, ingawa jua lilikuwa halimchomi. "Kesho nitakuja. Nataka kusikia utakavyosema."

Jumapili, 15 Juni

Naandika nyuma ya ripoti. Wimbo wa pili. Wageni wanne safu ya mbele, mmoja anapiga picha skrini. Nyekundu inang'aa pale juu hata kipofu ataiona.

Mama kaingia. Hakwenda dirishani kwake. Kakaa katikati kabisa, mkoba magotini. Na hakuja peke yake! Nyuma yake bibi wa fimbo, na yule fundi saa mstaafu, na mkewe, na wengine — nahesabu — kumi na nne. Wote wangu, wote wa kadi. Wale tisa waliokosa ibada wamo. Bila shaka kapita nyumba kwa nyumba jana jioni, na sidhani kawaeleza kitu. Wanatabasamu. Wanadhani wamekuja kuombewa.

Asilimia anafuta jasho shingoni. Mchungaji kaniangalia mara mbili. Karatasi yake ninayo hapa, maneno matatu. Nimekata la kwanza, Mfumo. Sijaandika lingine badala yake.

Ubeti wa mwisho. Kipaza sauti kinakuja kwangu, kinapitishwa mkono kwa mkono. Kimefika safu ya Mama. Kakishika, macho kwangu. Hajakipitisha.