Baruti ya Mtu Anayesikia

Ahola, Michigan
12 Novemba 1978

Shangazi Lempi mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango, hata kama uko peke yako. Haya ninayokuandikia yabaki kati yetu wawili. Usimwonyeshe mleta barua anapokaa kwako kunywa kahawa, na zaidi ya wote yasimfikie Bwana Harju, ambaye ni nahodha wa timu ya korti ya kulenga shabaha kwa bastola na pia ndiye mkubwa wangu kazini. Ukimaliza kusoma, itie karatasi hii jikoni iungue.

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na kuni zinatosha. Sisi huku ni wazima. Theluji imeanza, na Jumatano korti inafungwa kwa ajili ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu.

Tangu macho yako yalipokataa kuona ndani ya ganda la risasi, ukaniachia meza yako ya kujazia risasi, mashine na kopo la baruti, watu wa timu wananisalimia kwa namna nyingine kabisa. Pascoe, msaidizi wa sherifu, alinivulia kofia mlangoni. Bi Nault wa taipureta ananiita "Daktari". Wote hao, na Bwana Harju mwenyewe, watapiga risasi nitakazojaza mimi kwenye shindano la Februari dhidi ya watu wa mgodini. Ni heshima kubwa, nami naogopa mpaka chakula hakipiti.

Sababu ni hii. Jumamosi nilipanga maganda kwenye ubao wa matundu nikaanza kuyajaza baruti yako, ile ya punje ndogo za duara. Ganda moja, mvuto mmoja wa mpini wa kipimo, kama ulivyonifunza. Nikiwa katikati, jirani akabisha hodi kuazima ngazi. Nikampa, nikarudi, nikaendelea. Mwishoni niliyamulika maganda yote kwa taa, nikayaona sawa. Kisha mkono wa sweta yangu ukaupindua ubao. Baruti ikamwagika mezani vilima vilima, na kilima kimoja kilikuwa mara mbili ya wenzake.

Shangazi, nilikuwa nimelimulika ganda hilo kwa taa na sikuona kitu. Bila sweta ile lingewekewa kichwa cha risasi, lingeingia kwenye sanduku, na Februari bastola ingempasukia mtu mkononi. Labda Bi Nault, ambaye ana mtoto wa kunyonya.

Baruti yako ni kali na nzito. Kipimo chake kinalala chini kabisa ya ganda, na hata kikiwa mara mbili nafasi inabaki tele. Wewe ulikuwa unafanyaje? Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao,
Reino

---

Ziwani
19 Novemba 1978

Mwanangu Reino,

Marahaba. Kifua ni kizuri, kuni tele, masikio ni yale yale. Juzi mti mzima umeiangukia sauna yangu, nami nikajua asubuhi nilipokwenda kuoga.

Barua yako sikuichoma. Jiko langu ni la kukausha samaki, sitaki wanuke wino.

Unauliza nilikuwa nafanyaje. Nilikuwa natazama. Taa begani, mdomo umefungwa, ganda moja moja. Jirani akibisha, mwache abishe. Mimi hata angevunja mlango nisingejua, hiyo ndiyo faida pekee niliyopata kwa kupiga bastola miaka yote ile bila kuziba masikio.

Baruti haina kosa. Inashuka kwenye kipimo kama maji, kila mvuto sawa na mwenzake, na makombe matatu yaliyo ukutani pale kortini yametokana nayo. Ukikatizwa, mwaga ubao mzima uanze upya. Nimekupa meza yangu mbele ya watu, nikasema huyu ni mtoto wa kaka yangu, mikono yake ni kama yangu. Usiniharibie jina.

Kula. Mtu mwenye njaa mkono humtetemeka.

Shangazi yako,
Lempi

---

Ahola
3 Desemba 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa sauna. Nikipata nafasi kabla ya Krismasi nitakuja na msumeno.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na ninakuandikia hii nikiwa na woga kuliko nilipoandika ile ya kwanza.

Nimejaribu baruti nyingine. Ni ya vipande bapa, vyepesi kama pumba za shayiri. Nilifuata kitabu cha vipimo neno kwa neno, nikaanza na kipimo cha chini kabisa. Kipimo kimoja tu kinapita nusu ya ganda. Ukikosea ukaweka cha pili, baruti inafurika na kukumwagikia vidoleni. Asiyeona angejua kwa kugusa.

Sikufichi kasoro zake. Vipande vinakwama kwenye kipimo, mvuto huu ukatoa nyingi na ule pungufu, kwa hiyo napima kila kimoja kwenye mizani. Kazi yako ya jioni moja inanichukua wiki. Tena inachafua mtutu, na kopo linaisha haraka. Pascoe akiona atasema nimenunua chakula cha kuku.

Lakini Shangazi, wewe ulipokuwa mezani hakuna aliyeweza kukukatiza. Mimi nasikia kila kitu. Nasikia hodi, nasikia simu, nasikia mbwa wa jirani, nasikia mpaka moyo wangu. Nikiambiwa nimwage ubao kila nikikatizwa, sitamaliza ubao hata mmoja, na siku moja nitajidanganya kwamba sikukatizwa. Nataka baruti itakayonisuta papo hapo nikikosea.

Naomba ruhusa yako. Bila hiyo sijui nitasimama vipi mbele ya Bwana Harju.

Mwanao,
Reino

---

Ahola
14 Januari 1979

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini afya ni njema, ingawa hujanijibu. Mleta barua anasema mkate wa iliki niliokutumia Krismasi uliupokea, ukasema "haya", ukafunga mlango. Nimeelewa.

Hata hivyo nakueleza yaliyotokea, maana yanakuhusu.

Ijumaa baada ya kazi tulikutana kwenye chumba cha chini cha korti, timu inapofanyia mazoezi, ambako sasa nimehamishia meza yako. Sijui nani alisema, ila Bwana Harju alikuwa amekwisha jua. Hakukaa hata kitini.

"Nasikia karani wangu ameiacha baruti ya Lempi," akasema. "Nani kakupa ruhusa?"

"Nilimwomba Shangazi, bwana. Hajajibu."

"Basi amejibu."

Wakacheka. Bi Nault akasema, "Daktari, hebu jieleze kabla mzee huyu hajakumeza mzima."

Nikawapa mgongo, nikajaza ubao mmoja kwa baruti yako, na ganda moja nikaliwekea mara mbili. Nikauweka mezani. "Kuna moja limejazwa mara mbili," nikasema. "Bwana, nitafutie."

Bwana Harju akachukua tochi ya Pascoe, akainama. Shangazi, sijamaliza hata kuvuta pumzi, kidole chake kilikuwa juu ya ganda. "Hili hapa."

Ndilo lilikuwa. Sikuwa nimelitegemea jambo hilo hata kidogo. Pascoe alicheka akaupiga ukuta. "Karani, umejifunga kamba mwenyewe!"

"Macho ya kuwindia haya, kijana," akasema Bwana Harju. "Pumba zako kalishie kuku."

Unanijua. Siku nyingine ningekusanya vitu vyangu, niombe radhi, niende nyumbani. Nilikuwa tayari nimeushika ubao. Ndipo nikasema, "Bwana, umeliona kwa sababu nimekuambia lipo. Siku nitakayokosea kweli, hakuna atakayekuja kuniambia."

Pascoe akaacha kucheka. Bi Nault akaitazama mikono yake. Bwana Harju hakuizima tochi, aliendelea kuumulika ubao kana kwamba kuna kitu kingine ndani yake.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia.

Akaizima tochi, akasema, "Jaza unavyotaka. Lakini nikikosa shabaha nitakulaumu wewe, mbele ya watu wa mgodini."

"Nilaumu, bwana."

"Na usinijibujibu."

"Ndiyo, bwana."

"Sanduku la kwanza ni langu," akasema Bi Nault. "Tena mniandikie sasa hivi, msije mkajifanya mmesahau."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye baridi kali na sikuisikia. Sijawahi kujivunia kitu namna ile. Linaloniuma ni moja tu, kwamba nimejivunia mbali na wewe, na pengine juu ya kidonda chako. Ukitaka meza yako, nitairudisha. Baruti ya pumba sitaibadilisha.

Mwanao, kama bado ni hivyo,
Reino

---

Ziwani
28 Januari 1979

Reino mwanangu,

Marahaba, na acha upuuzi huo wa "kama bado ni hivyo".

Nilikasirika. Niliona unaniambia kwamba miaka yote ile nilikuwa nachezea mikono ya watu. Mkate wako nilimpa mbwa, kisha nikamnyang'anya kilichobaki, maana ulikuwa mzuri.

Jumapili iliyopita Harju amekuja mpaka huku na gari lake la theluji. Nilidhani amefiwa. Akachukua kibao changu cha chaki, akaniandikia maneno yako yote uliyomwambia, herufi kubwa kubwa, kibao kikajaa. Nikasoma, nikamtazama. Akafuta, akaandika tena: HUYU NI WENU KWELI. Nikamwambia basi naye avue kofia ndani ya nyumba ya watu. Akavua.

Alipoondoka nikaitoa barua yako ya Desemba. "Mimi nasikia kila kitu." Nilicheka peke yangu hapa mpaka mbwa akasimama. Ni kweli kabisa. Mimi nilichagua baruti ya kiziwi bila kujua, ikanifaa. Wewe umekaa ukajitazama ulivyo, ndipo ukachagua. Baba yako angekuwa hai ningemwandikia leo leo nimtambie, maana ni mimi niliyekufundisha.

Sasa nisikilize. Hapo mjini wanadhani niliacha kupiga bastola kwa uzee. Wanajidanganya. Mbali naona kuliko Harju. Ni karibu ndiko kumekufa, hata kwa miwani: barua nasoma kwa shida, ndani ya ganda sioni kitu. Ila maishani mwangu sijapiga risasi iliyojazwa na mkono wa mtu mwingine. Hata marehemu mume wangu sikumpa ruhusa hiyo, akanuna kwa sababu hiyo mpaka siku anafariki. Basi niliposhindwa kujaza, bastola nikaitundika.

Nijazie sanduku moja. Mwambie Harju aliandike jina langu kwenye orodha ya Februari, na asijifanye kushangaa. Juu ya sanduku uandike jina lako, vizuri, lisomeke.

Shangazi yako,
Lempi

---

Ahola
8 Februari 1979

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na leo nimekula sahani mbili.

Sanduku lako liko tayari. Kila kipimo kimepita kwenye mizani mara mbili, kila ganda nimelitazama kisha nikaligusa kwa kidole. Jina nimeliandika kwa wino. Nilikaa nikilitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Bwana Harju nimemwambia. Hakushangaa. Alitoa orodha mfukoni, jina lako lilikuwa la kwanza, juu ya lake.

Posta hawapokei risasi, kwa hiyo itabidi uje. Njoo Jumamosi kabla ya shindano, uizoee baruti hii. Gari la maziwa linapita kwako asubuhi. Dereva nimeongea naye, atakusubiri, mpe ishara ya mkono tu. Shukia nyuma ya korti. Ngazi za chini nimezimwagia majivu usiteleze. Mlango ni ule wa kijani, hautafungwa. Ingia moja kwa moja, nitakuwa mezani kwako.

Njia ikifungwa na theluji, niandikie. Usitumie anwani ya ofisini, barua za huko zinakaa chini ya majalada. Andika hivi: Reino Tuomela, Mjazaji wa Timu, Chumba cha Chini, Korti ya Ahola. Usiweke "karani". Mleta barua nimekwisha mwambia, naye amesema kwa jina hilo itafika.

Mwanao,
Reino