Buibui wa Shangazi Kavata

Kathonzweni, 9 Juni 1974

Mwaitu, mama yangu,

Mbuzi amezaa mapacha. Kalunde wetu mdogo ana malengelenge mdomoni. Shangazi Kavata huwaambia majirani kwamba buibui alimkojolea usingizini, nao huitikia, "Woi, pole!"

Nilimwonyesha kitabu cha sayansi: buibui wa ukutani hachomi mtu, hula mbu tu. Alicheka. "Basi, Profesa, waeleze majirani ni nini kilichomchoma."

Sikuthubutu. Nilichukua ufagio, nikaua buibui kumi na wanne mbele yao.

Lakini kijiko nilikiona kikitoka motoni, Mama. Kalunde alikuwa amelamba sukari. Leo asubuhi Shangazi amemwambia kwamba akilamba tena, buibui atamkojolea machoni.

Njoo umchukue.

Mwanao mwoga,
Ndolo