Majina Mengine ya Kufa

Jumatatu, 4 Septemba 2000. Butembo.

Neno la leo: deep. La maji, la usingizi, la sauti. Kahindo alisoma, mimi babu yake, Sokulu kama anavyoniita, nikatoa visawe. Mjukuu wangu yuko mwaka wa sita wa sekondari, mtihani wa dola wa kumaliza shule unamngoja, na Kiingereza hakipendi. Tunafuata kamusi yangu isiyo na jalada, kwa mpangilio wa herufi. Maneno ya kawaida niliyawekea alama kwa kalamu zamani, nilipokuwa nafundisha. Moja kwa siku.

Miguu imevimba tena. Nikilala chali sipumui. Nimelala kwa kuketi.

Kasereka, katekista, jirani yangu, alipita asubuhi na salamu yake ile ile: "Prof, ungali huku? Kumbe hata kule juu balikataa mwalimu wa Anglais!" Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kambale bado. Alienda Eringeti kununua mpunga, alipaswa kurudi Jumamosi. Ni mwanangu wa pili, baba yake Kahindo, na ndiye pekee niliyebaki naye. Masika, mkewe, anasema barabara ya Beni ni mbaya.

Jumanne, 5 Septemba

Masika ameleta habari. "Papa, Kambale alivuka Kasese. Biashara. Atarudia juma ingine." Alisema akiangalia sufuria.

Ajabu. Kambale hajawahi kuvuka Uganda bila kupita kitandani kwangu kuomba maneno ya Kiingereza. "Papa, nipe ya kupunguza bei." Humpa. Huyasema vibaya, na bado wanampunguzia.

Labda safari ya haraka.

Alhamisi, 7 Septemba

Majirani wameleta kuni. Mmoja, halafu mwingine, halafu akina mama wa jumuiya wakiwa na mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wamezipanga chini ya kibanda cha nyuma. Naziona kwa dirisha. Nyingi mno kwa nyumba ya watu watatu. Nilimwuliza Masika. "Banatusaidia tu, Papa, juu ya ugonjwa yako." Ugonjwa wangu una miaka. Hakuna aliyewahi kuuletea hata kijiti.

Kasereka alikuja akaketi. Hakunitania. Alinishika mkono akauliza kama nimekula. Hilo lilinitisha kuliko risasi za usiku.

Ijumaa, 8 Septemba

Kahindo alifungua kamusi akasoma: different.

Nikamwambia, umeruka. Kabla yake nimeweka alama kwenye neno jingine. Soma.

Hakusoma. Nikamwambia tena, kwa sauti ya darasani. Akasema, "Ile iko na maana moja tu, Sokulu." Akaifunga kamusi, akatoka. Viatu alivisahau chini ya kiti.

Neno lenyewe ni die.

Halina maana moja. Nimelifundisha maisha yangu yote. Kuna jina lake la maaskofu, lake la askari vitani, lake la moto unaozimika, lake la mmea uliokosa maji. Lipo la watu wenye adabu, linalosema mtu amepita tu, kama aliyepita barabarani. Na sisi tuna yetu: kufariki, kuaga, kutangulia, kulala. Niliwaambia wanafunzi wangu: mkiona neno lina majina mengi, jueni watu wanaliogopa.

Kuvuka Kasese.

Siwezi kuandika zaidi. Mungu wangu. Kambale.

Jumamosi, 9 Septemba

Najua. Sijasema.

Hapa kwetu mgonjwa hapewi habari ya msiba. Inaweza kumwua. Nilifanya hivyo hivyo mama yangu alipougua: tulimwambia kaka yake ameenda kuvua Kyavinyonge. Mama alikufa akingoja samaki.

Masika alileta uji. Nikamwuliza, Kambale atarudi lini? Nilikuwa najua, na niliuliza. Sielewi kwa nini. Akajibu, "Juma ingine, Papa," akatabasamu. Akaenda kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilisikia sauti ya mtu anayelia akiwa amejiziba kinywa kwa kitenge. Kama mnyama aliyekabwa.

Analia kwa siri nyumbani mwake mwenyewe. Kwa sababu yangu.

Jumapili, 10 Septemba

Padri kijana aliniletea komunyo. Akasema tuwaombee "wasafiri wetu wote". Hata padri! Nilishangaa kiasi cha kusahau kuitikia amina.

Aliniuliza kama nina la kuungama. Nikasema sina. Nilikuwa nalo. Naliungama hapa: tangu juzi nimewaacha waendelee kudanganya, kwa kuwa uongo wao unaniachia mtoto. Kila Masika anaposema juma ingine, mimi napata juma moja zaidi la kuwa na mwana. Analilipia yeye, kwenye migomba. Mimi nanywa uji.

Mtu mwoga. Msomi, na mwoga.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimesema.

Alikuwa akikunja blanketi. Nikasema, Masika, Kambale amekufa. Sikusema ametangulia. Sikusema amelala. Alisimama na blanketi mkononi. Nikasema, lia, mwanangu. Mimi sifi kwa kusikia. Nitakufa kwa moyo, kama daktari alivyosema.

Akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Majirani wakaja mbio, kana kwamba walikuwa nyuma ya ukuta siku zote wakingoja. Moto wa matanga ukawashwa uani. Ndipo nikajua kuni zile zilikuwa za nini.

Kasereka ndiye aliyenieleza. Walipigwa risasi wakiwa juu ya lori, mbele ya Beni, hawajafika Eringeti. Waliopiga, nani anajua? Kila mwenye bunduki anamtaja mwenzake. Wamemzika Beni, barabara haikuruhusu kumleta.

Mwanangu amelala Beni bila baba yake.

Amekufa. Naliandika vizuri.

Jumatano, 13 Septemba

Wanaume wamelala uani karibu na moto. Mvua ilinyesha kidogo, hawakuondoka.

Asubuhi Kasereka aliingia akanusa chumba kama anayetafuta maiti. "Kuni zitabaki, Prof. Tukuwekee?" Nikacheka. Akacheka. Halafu tukalia wote wawili, wazee wazima.

Kahindo alikuja bila kuitwa, akafungua kamusi pale pale. Akasoma neno. Nikampa yote: la askari, la maaskofu, la moto, la mmea. Akaandika. Kisha akauliza, "Na wewe, Sokulu, siku yako tuseme gani?"

Nikamwambia, lile fupi.

Masika analia chini ya dirisha langu, kwa sauti. Kuna aliyetaka kumnyamazisha ili nipumzike. Nimemkataza. Dirisha nimeomba libaki wazi.