Watu Wake Watambeba

Ndosho, Goma
Jumapili ya kwanza ya Agosti, mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Vitshumbi

Kavira mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Magoti yako yanaendeleaje, na usingizi je? Wale ndege marabu bado wanagombana juu ya paa lako kama wenye kiwanja? Mimi ni mzima isipokuwa mguu, na mguu wenyewe hauumi tena kwa kuwa haupo. Daktari ameridhika na kidonda. Ningeweza kukupigia kwa simu ya mjukuu wako, lakini simu haivumilii maneno marefu, nawe sikio la kushoto limechoka. Mama Kahindo, yule muuza samaki wa chumvi, anakuja kwenu kesho kutwa, naye atakupa bahasha hii mkononi.

Ni yeye aliyeniletea ujumbe wako. Alisema umetengeneza chumba upande wa jikoni, umeweka kitanda kifupi, na wajukuu wako watanibeba kila nikitaka kutoka. Alisema ulilia. Alisema pia neno lako: mtu mwenye mguu mmoja hazeeki katika nyumba ya kupanga, kati ya watu ambao si wake. Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu. Nataka kulijibu kwa ukweli, kwa hiyo univumilie.

Huku kwetu kila kitu kimejengwa juu ya mawe ya volkano, na kila mlango una ngazi. Baiskeli yangu ya mikono, ile ya magurudumu matatu, inafika chini ya ngazi na safari yake inaishia hapo. Kwenye duka la dawa ninaita kutoka barabarani na muuzaji ananijibu kutoka ndani, basi barabara nzima inajua tumbo langu limeamkaje. Kanisani nasikiliza misa nikiwa nje; mahubiri yananifikia nusu, na nusu nyingine najihubiria mwenyewe. Tangu mama watoto alipofariki, na kijana wangu kwenda Kisangani, kuna siku sauti pekee inayosikika chumbani ni yangu nikisoma kitabu kwa sauti, ili nisisahau kwamba ninayo.

Mwezi wa sita shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, aliwaita wenye maduka, wenye karakana na viongozi wa parokia kwenye mafunzo ya siku mbili ya kujikinga na ajali. Nami niliitwa kwa sababu ya mvi zangu. Siku hiyo nilijikaza, nikapanda ngazi za ukumbi kwa magongo, polepole, na watu wote wakatazama pembeni kwa adabu. Wakanipa kiti cha mbele kabisa, chini ya jukwaa, mahali pa heshima. Mtu mmoja akayachukua magongo na kuyaegemeza kwenye ukuta ili yasinisumbue.

Mfundishaji alikuwa dada mwembamba aitwaye Neema. Alifundisha vizuri. Alionyesha namna ya kuvuta pini ya kizima-moto, na kwa nini petroli ya chupa haikai karibu na mtu anayechomelea vyuma. Aliwauliza wenye maduka mlango wao wa pili uko wapi, wakacheka, kwa kuwa wengi mlango wa pili wameuziba kwa magunia. Alisema moshi hupanda, basi mtu ainame; lakini mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini upande wa Lac Vert, hukaa chini, basi mtu apande juu.

Nikamwuliza, “Na mutu anayekaa chini siku zote?”

Akanitazama kidogo. “Papa, swali yako tutairudilia.”

Kisha akapuliza filimbi, akasema tufanye kama ukumbi unaungua. Watu wote wakatoka mbio kupitia mlango ule mmoja.

Nilibaki na viti vilivyopinduka na kiatu kimoja cha mwanamke. Sikuogopa, kwa kuwa hapakuwa na moto. Lakini niliwasikia nje wakicheka kwa furaha ya kutoka, na hakuna aliyelitaja jina langu. Nilitazama magongo yangu kule ukutani, nikaelewa jinsi ambavyo ingekuwa.

Neema aliporudi na kunikuta, aligeuka mlangoni. Aliwaita wote ndani, wakasimama mbele yangu kama wanafunzi waliovunja dirisha.

“Nani alimuacha muzee?”

Bahati, mchomeleaji wa vyuma, mtu wa Masisi mwenye mabega kama mlango, ndiye aliyejibu. “Nilizani watu yake watamubeba. Kwetu muzee hashikwi na mutu yeyote tu. Anabebwa na watoto yake.”

“Hata kwetu sisi ni vile,” akasema Mama Furaha, anayeuza makaa ya kupikia mbele ya geti letu. “Ukimugusa muzee ya wenyewe, kesho watakuuliza ulimushikia wapi.”

Watu wakacheka. Walisema kweli, Kavira. Unakumbuka baba alipougua, jirani mwenye nguvu kuliko sisi wote alivyosimama kando ya kitanda, mikono nyuma, akitungoja sisi tumwinue? Ilikuwa heshima, nasi tulimshukuru.

“Papa,” Neema akaniuliza, “watu yako ni nani?”

“Watu wangu wako Vitshumbi.”

“Papa, moshi haingojei gari ya Vitshumbi.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Kuketi mbele ya kartie nzima ukiulizwa watu wako ni nani, ukose jibu la karibu, ni uchi ambao nguo haifuniki.

Mama Furaha akashusha pumzi. “Basi ni mimi. Mimi njo mutu yake.”

“Wewe?” Bahati akamwambia. “Na ule mugongo yako yenye inalia kila asubui? Utamubeba muzee ao yeye atakubeba?”

“Nitabeba magongo, wewe utabeba muzee. Shida iko wapi?”

Wakakubaliana hivyo hivyo, wakibishana. Neema akanifundisha kumzungushia Bahati mikono shingoni, akamfundisha Bahati kuomba ruhusa kwanza kisha kuinama kwa magoti. Anayebeba sharti aombe, alisema, na anayebebwa sharti aseme panapouma. Tukarudia mara kadhaa mbele ya watu. Ananuka chuma na jasho, na ananibeba kama gunia la kwanza la siku, kwa uangalifu.

Kitu kimoja kilinishinda. Neema alitaka kiti changu kiwe karibu na mlango, siku zote, popote ninapokwenda. Nilikataa. Unajua kwetu anayekaa mlangoni: mkwe ambaye hajakubaliwa, na mtu aliyekuja kuomba. Nilimwambia nimefundisha jiografia tangu kabla hajazaliwa, siwezi kuketi pa kuwekea viatu. Hakubishana nami. Alikwenda tu akaketi pale mlangoni mwenyewe, akaendelea kufundisha akiwa hapo, hadi wote tukageuza viti kumwelekea. Siku iliyofuata nilikuta kiti changu kando yake, nikakikalia.

Sasa nikuambie lililotokea wiki mbili zilizopita. Mchana, duka la magodoro lililo nyuma ya chumba changu lilishika moto. Moshi wa magodoro ni mweusi, una ladha ya dawa. Nilijishusha sakafuni kama nilivyofundishwa, nikautafuta mlango, nisiuone. Kisha mlango ukaniona mimi. Bahati aliingia akiinama, kitambaa mdomoni, na katikati ya moshi ule akauliza, “Papa, ruhusa?” Nikasema ndiyo. Nje nilimkuta Mama Furaha na magongo yangu mkononi, aliyoyanyakua mlangoni, akiniita kwa jina na kunitukana kwa kuchelewa. Wenye karakana waliuzima moto kwa mchanga na vizima-moto. Hakuna aliyekufa. Vitabu vyangu vimepata moshi, vinasomeka.

Sikudanganyi kwamba upweke umekwisha. Jioni ile kila mmoja alirudi kwake, nami nikakaa chumbani kwenye harufu ile bila mtu wa kuongea naye Kinande. Bahati hajui jina la mama yetu. Mama Furaha hakuuliza kamwe nilitoka wapi. Wanakuja panapokuwa na sababu, na siku nyingi hakuna sababu. Nakulilia wewe, na ziwa, na watu ambao ningewaambia “unakumbuka” nao wakumbuke.

Lakini chumba chako cha jikoni nimekitembelea mara nyingi akilini. Naona asubuhi: wajukuu wako ziwani, mitumbwi haijarudi, wewe na mimi tumebaki nyumbani, magoti yako na mguu wangu. Moto wa jiko unashika ukuta. Na majirani wako, watu wema, wamesimama uani, mikono nyuma kwa heshima, kila mmoja akisema moyoni kwamba watu wake watambeba. Huko watu wangu wanajulikana, na kwa hiyo hakuna mwingine atakayeingia. Wewe ungeingia kunitoa, kwa magoti hayo. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kwa hiyo kabla ya mvua uchague jirani mmoja, umwambie kwa jina lake, mbele ya wengine, kwamba wewe ni wa kubebwa naye. Usione haya. Na chumba hicho kitoboe mlango wa nje, ili jirani huyo apate pa kuingilia.

Unisalimie mjane wa kaka yetu, mwambie sala zake zinafika. Unisalimie shemeji anayeshona nyavu, na katekista aliyenizoesha vitabu. Na huyo mjukuu anayekusomea barua hii, asome polepole, na hapa akushike mkono.

Kavira, sitarudi Vitshumbi.

Ni mimi, uliyenibeba mgongoni mwa moyo wako miaka yote hii,
kaka yako Kambale