Pepo Alilotajiwa Bibi Mbuke

Asteria, tumeondoka kijijini sasa hivi, ng'ambo ya Tinde. Jilala amemwombea kikongwe kwa kipaza sauti.

Tulikwenda kumkandikia nyumba Bibi Mbuke, mjane anayeishi peke yake. Macho yake ni mekundu kwa sababu maisha yake yote amepikia moto wa kinyesi cha ng'ombe, wenye moshi. Jilala, mwenyekiti wetu wa vijana wa kanisa, mwenye shahada, akaona pepo.

"Pepo la uchawi, mwachie mama huyu." Kwa kipaza sauti, Asteria. La uchawi. Majirani wote walikuwa uani.

Unajua vikongwe wenye macho kama hayo hufanywa nini huku: hukatwa mapanga usiku. Majirani walikuwa wakishuku tu, kanisa limewathibitishia.

Hakuna jirani aliyesema amina. Waliondoka wakimtazama.

Bibi akanishika mkono. "Mjukuu wangu, nichukueni. Leo sitalala salama hapa."

Jilala akamjibu kwa upole mkubwa: "Mayu, mama yangu, gari limejaa. Lakini umeshafunguliwa, usiogope. Tutakuombea."

Sasa wenzangu wanaimba humu garini. Jilala anasema huduma imekuwa na matunda.

Ningeweza kushuka nimwachie kiti changu. Nilifikiria jambo hilo kwa makini, nikiwa nimekikalia.